JE, NENO LITUMIWALO NA WENGI NI SAHIHI?

Wasomaji wetu wa Kitahana, nanyi wa Kibondo na Kasulu kwa jumla, somo letu la leo ni la maneno. Mzazi hufungua daftari la mtoto wake akaona mwalimu amekata kwa wino mwekundu: "Nilingoja masaa matatu." Mzazi hushangaa, maana yeye mwenyewe husema hivyo, na jirani zake, na hata redioni amesikia. Basi huuliza: neno lisemwalo na watu wote lawezaje kuwa kosa? Alama za mtihani si mchezo, kwa hiyo twaona yafaa tulichungue swali hili.

Yatupasa kwanza kufahamu huo usahihi watoka wapi. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na mwaka 1939 ikatoka kamusi iliyotayarishwa chini ya uongozi wa Bwana Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wake. Baada ya uhuru likaja Baraza la Kiswahili, mwaka 1967, na mwaka 1981 Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Basi usanifu ni mapatano ya watu walioketi mezani, ili kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam kisomeke Kasulu na Mombasa pasipo mkalimani. Ni mapatano mema. Lakini hao wa mezani waliyakuta maneno mengi yamekwisha kuingia njiani zamani. "Shule" yatoka kwa Wadachi, na "hela" vilevile. "Kitabu" ni Kiarabu. Watu waliposikia "ki" mwanzoni wakafanya wingi wake "vitabu", jambo ambalo Mwarabu hakulijua kabisa.

Tulitazame neno moja ambalo Waha walijua kwa jasho lao, yaani "manamba". Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, na mashamba yalipokua yalihitaji mikono mingi. Vijana wengi wa Buha walikwenda huko kufanya kazi ya mkataba, siku nyingi mbali na wazazi na wake zao. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandika wafanya kazi, nayo ikajulikana kwa jina la SILABU, lililofanywa kwa kukata vipande vya jina lake la Kiingereza. (Leo mwanafunzi akilisikia hudhani twasema habari za silabi.) Mtu aliyeandikwa alipewa namba, na kwa hiyo namba akaitwa. Neno ni la Kiingereza. Lakini watu walilitia "ma" ya wingi, wakapata jina la mtu aliyehesabiwa kabla ya kuulizwa jina. Hakuna kamati iliyolitunga. Je, tuseme si Kiswahili? Tukilifuta, kwa neno gani tutaeleza maisha ya wazee wale?

Maneno mengine huja kwa kusikia vibaya. Kile chuma cha baiskeli kizuiacho matope, Waingereza hukiita mudguard. Sikio la Mswahili lilisikia "ma", likadhani ni wingi kama wa mayai. Kwa hiyo viwili vikawa madigadi, na kimoja digadi. Msomaji asicheke, maana Waingereza walifanya yayo hayo. Zamani neno lao la njegere lilikuwa pease, nalo lilikuwa la umoja. Watu waliposikia mlio wa s mwishoni wakadhani ni alama ya wingi, wakaikata, likazaliwa neno pea. Hapana mwalimu wa London leo amkosoaye mtoto kwa kuliandika.

Sasa turudi kwenye "masaa". Wanaolisema wana sababu. Ukiambiwa, "Alikuja saa tatu," wajua ni asubuhi au usiku. Lakini "nilingoja saa tatu" ni muda, au ni wakati? "Masaa matatu" huondoa mashaka hayo. Hata hivyo sanifu yasema saa moja, saa nyingi, na mtahini hufuata sanifu. Kwa hiyo mtoto na aandike "kwa muda wa saa tatu", apate alama zake bila kupoteza maana. Wala asirudi nyumbani kumcheka mama yake, maana huenda kamusi ya wajukuu wake ikamfuata mama.

Hatusemi kwamba kila neno la kigeni lipokewe. Kijana asemaye "nimeenjoi" hatumsifu, maana "nimefurahi" lipo, ni jepesi, na bibi yake wa Kitahana angelifahamu. Ingawa twakiri kwamba "shule" nayo ilikuta neno "chuo" limekwisha kukaa mahali pake, ikalisukuma kando. Leo chuo ni cha wakubwa. Twalisema hili ili msomaji asidhani kanuni yetu haina tundu.

Na kwa waulizao juu ya "namba" na "nambari": yote mawili hutumika na yote mawili ni sahihi. Mwanafunzi achague moja, alitumie hilo hilo mpaka mwisho wa karatasi yake.