Jinsi ya Kuchagua Racheti na Spana Bora: Mwongozo kwa Mafundi Wanaoanza Kazi

Kijana anayehitimu kozi ya umakanika katika chuo cha mafunzo ya ufundi hukutana na swali gumu kabla hata ya kupata mteja wa kwanza: pesa chache alizo nazo zinunue vifaa gani? Madukani kuna masanduku ya bei nafuu yenye vipande zaidi ya 100, vyote viking'aa. Kando yake huwa pana racheti moja ambayo bei yake inakaribia ile ya sanduku zima. Wengi huchukua sanduku. Baada ya muda mfupi racheti huanza kuruka meno, soketi hupasuka, na pembe za nati ya mteja hulika. Nati ikishalika, kazi ya dakika 10 huweza kula nusu siku, na hasara humwangukia fundi.

Ushauri kwa fundi anayeanza ni kununua vifaa vichache vilivyo imara, na kuvijaribu dukani kabla ya kulipa.

Kuijaribu racheti

Racheti ni mpini unaozungusha soketi upande mmoja na kurudi bure upande wa pili. Ndani yake mna gurudumu la meno na kijino kinacholishika gurudumu hilo. Racheti ya meno 24 huhitaji nafasi ya nyuzi 15 ili ishike jino linalofuata. Ya meno 36 huhitaji nyuzi 10, na ya meno 72 huhitaji nyuzi 5 tu. Katika sehemu zilizobana ndani ya injini, tofauti hiyo ni kubwa.

Hata hivyo, meno mengi pekee si ubora. Kadiri meno yanavyoongezeka ndivyo yanavyokuwa madogo, na yakitengenezwa kwa chuma dhaifu huruka mapema. Kwa bei ya chini, racheti ya meno 36 iliyoundwa vyema huenda ikawa salama kuliko ya meno 72 isiyojulikana ilikotoka.

Mambo manne yachunguzwe pale pale dukani:

1. Chomeka soketi, kisha izungushe kwa vidole. Mlio uwe sawa mzunguko mzima, bila kukwama wala kuruka.
2. Badilisha upande wa kukazia mara kadhaa. Kitufe au kiwiko cha kubadilishia kisilegee.
3. Tikisa kichwa cha racheti. Kikicheza sana kikiwa kipya, hakitadumu.
4. Tazama kama kichwa kinaweza kufunguliwa na vipuri vya ndani kupatikana. Racheti inayorekebishika huokoa pesa.

Kuchagua soketi na spana

Vifaa vingi vizuri vya mkono hufuliwa kwa chuma kilichochanganywa na kromu na vanadi, na huandikwa Cr-V. Lakini maandishi hayo yeyote anaweza kuyachapa, kwa hiyo jicho lifanye kazi. Ukuta wa soketi uwe na unene sawa pande zote, namba ya saizi isomeke vizuri, na rangi ya kromu isiwe na malengelenge wala kubanduka. Fundi akiweza, aende dukani na bolti mpya ya saizi anayoijua, aipime ndani ya soketi. Ikicheza sana, aiache.

Nati nyingi zina pembe sita. Soketi ya pembe sita hushika vyema zaidi kuliko ya pembe kumi na mbili, hasa nati iliyoshika kutu. Saizi za inchi zisichanganywe na za milimita. Spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Ikitumiwa kwenye nati ya 12 huacha pengo la milimita 0.7, na pengo hilo ndilo hula pembe.

Vya kuanzia

Kwa magari ya Kijapani, ambayo ni mengi katika barabara za Kenya, saizi zinazotumika mara kwa mara ni 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Fundi anaweza kuanza na racheti moja ya kichwa cha nusu inchi, soketi na spana za saizi hizo, mpini mrefu usio na meno wa kulegezea nati ngumu, koleo, nyundo na bisibisi za aina mbili. Nyingine ataongeza kadiri kazi zinavyokuja.

Matumizi salama

Racheti isiongezewe bomba ili kulegeza nati iliyokwama. Meno yakiruka ghafla, mkono hugonga chuma na vidole huumia. Kazi hiyo ni ya mpini mrefu usio na meno. Nati ikishalegea ndipo racheti itumike. Inapowezekana, fundi avute spana kuelekea kwake badala ya kuisukuma.

Soketi za kromu zinazong'aa zisitumiwe kwenye mashine ya upepo ya kufungulia nati, kwa sababu huweza kupasuka na kurusha vipande. Mashine hiyo ina soketi zake nyeusi, zenye ukuta mnene. Baada ya kazi, vifaa vipanguswe, vipakwe mafuta kidogo na kuhesabiwa kabla ya kurudishwa kwenye sanduku.

Haki ya mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na maelezo anayohitaji ili kunufaika nazo. Fundi adai risiti, aulize kuhusu dhamana na kuihifadhi kwa maandishi. Akishuku kuwa ameuziwa bidhaa ghushi, anaweza kuripoti kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Malalamishi kuhusu viwango vya ubora hupelekwa kwa Shirika la Viwango la Kenya, KEBS.

Mafundi wanaofanya kazi pamoja wanaweza pia kuchanga na kununua vifaa ghali visivyotumika kila siku, kama vile spana ya kupimia nguvu ya kukaza, wakagawana zamu. Kwa njia hiyo kila mmoja hubaki na pesa za kununua racheti nzuri ya kwake.