Mafunzo Niliyopata Kuhusu Sijida Nikiishi Lugulu

Lugulu ni nchi ya Marafiki, yaani Wakweka. Wakweka waliofungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902 walienea hadi huku kwa Wabukusu, na leo hospitali yao na shule ya wasichana ndizo zinazoitambulisha Lugulu kwa kila apitaye barabara ya Webuye kwenda Kitale. Sisi Waislamu ni wachache. Dini yetu ilishika mizizi upande huu wa magharibi mwa Kenya kupitia Mumias, kwa Nabongo (mfalme) Mumia, ambako misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilikuwa ikipiga kambi katika karne ya 19.

Kwa uchache huo, Muislamu wa hapa husali mara nyingi peke yake: nyuma ya duka, pembeni mwa shamba la mahindi, kando ya kitanda cha mgonjwa. Msikitini ukikosea huwa yupo mzee wa kukuvuta kando baada ya salamu akakuonyesha. Ukisali peke yako, kosa linaweza kukaa nawe hadi uzeeni. Na sala tano za siku zina rakaa 17, maana yake sijida 34. Yafuatayo nimeyapata kwa maalimu waliotoka Mumias kuja kutusomesha, na kwa watoto ninaowasomesha mimi sasa.

1. Anza na miguu

Hadithi ya Ibn Abbas, waliyoipokea Bukhari na Muslim, imetaja viungo saba vya kusujudia: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na ncha za miguu miwili. Mtoto ukimwambia asujudu, paji la uso hulisahau nadra sana. Miguu ndiyo inayosahaulika. Utaiona imeinuka hewani, au mmoja umepandishwa juu ya mwenzake, na yeye hana habari kwa kuwa hajioni. Kwa hiyo mimi huwasahihisha nikiwa nimesimama nyuma yao. Vidole vya miguu vikunjwe, matumbo yake yaguse chini na ncha zielekee kibla. Aliyetoka shambani na gambuti azivue, kwani mpira mgumu haumruhusu kukunja vidole.

Kibla chenyewe kutoka hapa ni kaskazini, kikiegemea kidogo mashariki. Siku isiyo na mawingu ukisimama sawasawa utauona Mlima Elgon mbele yako upande wa kushoto, na alama hiyo imewafaa wengi waliokuwa shambani bila dira wala simu.

Mikono nayo: viganja vilale chini mkabala wa mabega, vidole vibanwe pamoja, viwiko viinuliwe. Mtume (s.a.w.) alikataza kulaza mikono chini kama alazavyo mbwa. Mwanamume aache nafasi kati ya mikono na mbavu, na kati ya tumbo na mapaja. Mwanamke, kwa mafundisho ya Kishafii tunayoyafuata wengi wetu, hujikusanya. Wako wanachuoni wanaosema yeye na mwanamume ni sawa, na sijaona haja ya kumsumbua dada anayefuata mojawapo.

2. Boshori isishuke hadi kwenye nyusi

Alfajiri ya huku ni baridi, na kadiri unavyopanda kuelekea Kitale ndivyo inavyozidi. Watu huja kusali wamevaa boshori za sufu zilizofunika paji lote la uso. Katika madhehebu ya Shafii ni sharti sehemu ya paji iguse mahali pa kusujudia bila kizuizi cha nguo aliyoivaa mtu. Wahanafi na wengineo wanaisihisha sijida hiyo pamoja na kuiona ni karaha. Kwa nini basi uingie katika hitilafu ilhali kuisukuma boshori juu kidogo kunatosha? Dada zetu pia waangalie mtandio unaoteleza mbele kila wanapoinama.

3. Sakafu ya kukhu na msala

Hili halina nafasi kubwa katika vitabu vya pwani, lakini kwetu ni jambo la kila siku. Nyumba nyingi za udongo za huku husiribwa sakafu kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Ikikauka, haina vumbi wala viroboto, na akina kukhu, yaani nyanya zetu, wanaojua kazi hiyo huipigisha mistari ya mkono hadi ikapendeza kuliko saruji. Kijana aliyesilimu, au mjukuu aliyerudi kutoka madrasa ya mjini, akifika kwa nyanya yake huuliza: nisujudu wapi?

Imamu Shafii anahesabu kinyesi cha ng'ombe kuwa najisi. Imamu Malik na Imamu Ahmad wanasema kinyesi cha mnyama anayeliwa nyama yake ni tohara. Nimeona vijana wakikataa kusali katika nyumba ya nyanya yao kwa sababu ya kauli ya kwanza, wakamwacha bibi wa watu akidhani nyumba yake imedharauliwa. Hakuna aliyewaamuru hivyo. Hata kwa Mashafii, sakafu ikiwa kavu na ukatandika mkeka au msala msafi, sala yako ni sahihi. Kinachotakiwa ni mkeka usilowe. Kama sakafu imesiribwa asubuhi hiyo, au kuna mvua na paa linavuja, tafuta upande mwingine au weka kipande cha plastiki chini ya mkeka. Kisha msala uwe mrefu wa kutosha, kwa kuwa magoti na vidole vya miguu vina haki ya kuwa mahali pasafi kama lilivyo paji la uso. Misala mingine ya madukani huwatosha watoto tu. Mtu mzima akisujudu, miguu yake iko nje.

Na jambo la karibu na hilo: siku hizi kuna misala yenye sponji nene. Haina ubaya, ila kichwa kitue kwa uzito wake hadi sponji ibonyee. Ukikiegesha kichwa juujuu, paji limegusa kitambaa lakini hujasujudu kwa namna wanavyotaka Mashafii.

4. Mwili utulie kwanza

Ningeambiwa nichague funzo moja niwaachie watoto, ningechagua hili. Mtu mmoja alisali mbele ya Mtume kwa haraka, akaambiwa arudi akasali kwani hajasali. Akarudi, akaambiwa vilevile, mara tatu, mpaka akaomba afundishwe. Alichofundishwa ni utulivu: katika rukuu, katika kusimama, katika sijida, katika kikao baina ya sijida mbili. Mtu huyo hakuambiwa kwamba thawabu zake zimepungua, aliambiwa hajasali. Neno hilo hunitia hofu kila nikiona Tarawehe inavyokimbizwa Ramadhani, watu wakigusa chini na kuinuka kabla mgongo haujatulia.

Safina, kijitabu cha Sheikh Salim bin Sumeyr wa Hadhramaut ambacho vyuo vya Kishafii vya pwani vimekisomesha vizazi na vizazi, kimeorodhesha masharti saba ya sijida. Viungo saba vimo, paji kuwa wazi limo, uzito wa kichwa umo, na hata kwamba sehemu za nyuma ziwe juu kuliko kichwa na mabega. Orodha inaishia kwenye utulivu. Mtoto anaweza kuikariri orodha yote kwa wiki moja na bado akasujudu mbiombio, kwa kuwa utulivu haukaririwi. Njia niliyoiona ikizaa matunda ni kuwafanya waseme tasbihi ya sijida kwa sauti, taratibu, mara tatu, na wasianze ya kwanza mpaka viungo vyote vimetua. Makosa mengi hutokea hapo: mdomo huanza kutamka kichwa kingali njiani. Tasbihi ikisubiri mwili, mwili hujifunza kusubiri.

Baina ya sijida mbili mtu akae hadi mgongo unyooke, aombe maghufira. Ndani ya sijida Qur'ani haisomwi. Ni mahali pa tasbihi na dua, na Mtume amesema hapo ndipo mja anapokuwa karibu zaidi na Mola wake, basi azidishe kuomba. Nasai amepokea kwamba Mtume aliwahi kurefusha sijida mpaka maswahaba wakadhani limetokea jambo, kumbe mjukuu wake alimpanda mgongoni naye hakutaka kumharakisha. Kina mama wenye watoto wadogo huifurahia sana habari hiyo nikiwasimulia.

5. Magoti kwanza au mikono kwanza

Shafii, Abu Hanifa na kauli mashuhuri ya Ahmad: magoti kwanza. Malik: mikono kwanza. Kila upande una hadithi. Ibn Taymiyya, ambaye vijana wetu wengi wanaorudi kutoka masomoni humtaja, ameeleza kwamba sala ni sahihi kwa njia zote mbili kwa makubaliano ya wanachuoni, na hitilafu ni ya lipi bora tu. Waumini wachache kama sisi hatuna anasa ya kugawanyika kwa jambo hilo. Mimi hutanguliza magoti, na mwenye magoti mabovu namwambia atangulize mikono.

6. Nyuma ya imamu, subiri

Al-Baraa bin Azib amesimulia kwamba maswahaba hawakuinamisha migongo mpaka Mtume aweke paji lake chini. Basi takbiri ya imamu isikutoe mbio.

7. Mgonjwa na mzee

Kwa kuwa hospitali iko hapa, wagonjwa wa Kiislamu hulazwa kutoka mbali, na swali lao hufika kwetu. Asiyeweza kusimama asali amekaa. Asiyeweza kukaa, asali kwa ubavu. Asiyeweza kufikisha paji chini huinama kwa ishara, na ishara ya sijida iwe chini kuliko ya rukuu. Hainuliwi mto hadi usoni ili augonge kwa paji. Mtume alimkataza mgonjwa kufanya hivyo.

Kiti cha plastiki nacho kina mpaka wake. Mzee mwenye maumivu ya magoti lakini anayeweza kusimama, asisali sala yote amekaa. Asimame pale anapoweza, arukuu kwa mgongo wake, kisha akae kitini kwa ajili ya sijida peke yake. Na anayeweza kushuka sakafuni, hata kwa kushikiliwa mkono na mwanawe, ashuke aweke paji chini.