Duka la Vinyago Likianza Kuuza Muthokoi

African Heritage ya Nairobi, iliyoanzishwa na Joseph Murumbi na Alan Donovan miaka ya 1970, iliuza sanaa na ikawa na mkahawa pia. Duka lako la vyondo na vinyago pale Wote au Kitui mjini laweza kufuata njia hiyo: leo chai, kesho muthokoi, mwishowe ni hoteli kamili.

Shida ni pesa kuchanganyika. Kinyago hungoja mnunuzi miezi. Muthokoi uliobaki jioni ni hasara. Ukinunua mahindi kwa pesa ya vyondo, hutajua ni biashara ipi inakulisha.

Tunakushauri uwe na nambari 2 za Till: ya duka na ya jikoni. Kila jioni toa gharama, linganisha. Baada ya miezi 3, hesabu itakuambia kama uongeze meza au ubaki na rafu.