Pishi Moja Yatosha

Masomo: Kutoka 16:13–30, Wafilipi 4:10–13, 1 Timotheo 6:6–10

Somo letu wiki hii ni kuridhika. Wengine hudhani kuridhika ni kukubali umaskini. Wengine husema ati mtu aliyeridhika hana maono. Hebu tuone Maandiko yanafundisha nini.

1. Kila mtu na kipimo chake

Wana wa Israeli wakiwa jangwani, Mungu aliwapa mana kila asubuhi. Agizo lilikuwa rahisi: pishi moja kwa kila mtu wa nyumba. Pishi ni kipimo, kama gorogoro tunayopimia omena hapa Sindo. Walipopima, aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Wako walioficha ya kesho. Kulipokucha ilikuwa na mabuu na inanuka. Mama anayeanika omena anaijua harufu hiyo. Mvua ikinyesha kabla hazijakauka, wingi wake haumsaidii kitu.

Lakini angalia, mana haikumngojea mvivu. Jua likiwa kali iliyeyuka, kwa hiyo ilibidi mtu aamke mapema. Na siku ya sita Mungu mwenyewe aliwaagiza waokote maradufu kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza. Basi kufanya kazi kwa bidii si tamaa, na kuweka akiba si kukosa imani. Mvuvi anayeweka kitu kwa ajili ya siku za mbalamwezi, wakati taa hazivuti omena, na kwa ajili ya miezi ya kufungwa uvuvi kuanzia Aprili, anafanya kama Israeli siku ya sita.

2. Kula pishi ya kesho

Wale walificha mana ya kesho. Sisi shida yetu ni kwamba ya kesho tunaila leo. Mtu anaona jirani ana simu mpya, naye anachukua ya lipa pole pole. Siku akikosa kulipa, simu inajifunga mkononi mwake. Mwingine anafuliza anunue sare ya matanga, asionekane ameachwa nyuma. Omena bado ziko ziwani, lakini pesa yake imeshatumika! Ikiingia tu kwenye M-Pesa, deni linakatwa kwanza. Kisha shule zinafunguliwa, mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na baba na mama hawasemezani.

Mpendwa, si kila deni ni dhambi. Kuna mkopo wa kununua wavu, kuna mkopo wa kumpeleka mgonjwa hospitali. Jiulize tu swali hili: kitu hiki nakihitaji, au nataka watu waone kwamba ninacho? Paulo anamwambia Timotheo kwamba chakula na mavazi vyatosha. Hakutaja macho ya majirani.

3. Kuridhika ni kujifunza

Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, akasema amejifunza kuridhika. Hakuzaliwa nako. Alijifunza katika njaa, na pia katika shibe. Ndiyo, hata shibe ina mtihani wake, na mara nyingi ni mgumu zaidi. Wavu ukitoka mtupu, mtu huomba. Wavu ukijaa, pesa ya usiku mmoja yaweza kuisha palepale ufuoni, kabla nyumbani hawajaiona.

4. Na sisi kanisani je?

Soma Yakobo 2:1–4. Tukimpa mwenye suti kiti cha mbele, na mama mwenye lesso iliyopauka tukamwonyesha nyuma, ni sisi tunaowafundisha watu kukopa ili waheshimiwe. Tukishuhudia baraka kana kwamba ni gari na nyumba ya mawe peke yake, ndugu mwenye baiskeli ataanza kudhani Mungu amemsahau. Tushuhudie pia deni lililolipwa, karo iliyokamilika, na nyumba yenye amani.

Zoezi la wiki

Mume na mke, kaeni pamoja jioni moja. Andikeni madeni yote, bila kufichana. Wekeni alama kwa lile lililochukuliwa kwa ajili ya kuonekana tu. Pangeni jinsi ya kulimaliza, na mkubaliane kutochukua lingine kama hilo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kuna tofauti gani kati ya mana iliyooza na mana ya siku ya sita?
2. Ni jambo gani katika mtaa wetu linalowasukuma watu kutumia wasichokuwa nacho?
3. Kanisa linawezaje kumsaidia aliyelemewa na madeni bila kumwaibisha?

Tuombe: Baba, asante kwa pishi ya leo. Tupe nguvu ya kuitafuta, hekima ya kuipima, na moyo wa kumgawia aliyekosa. Katika jina la Yesu, amina.