Namba ya DEA Hufuata Jimbo: Mwongozo kwa Daktari Mwenye Leseni Zaidi ya Moja Marekani

Daktari anayefanya kazi katika majimbo kadhaa ya Marekani kwa kawaida huanza na leseni za udaktari, halafu mkataba, halafu tikiti ya ndege, na suala la namba ya DEA humjia mwishoni kabisa, wiki ya kuanza kazi ikiwa imeshakaribia. Kwa maoni yangu mpango huo umekaa kichwa chini miguu juu. DEA ni shirika la serikali ya shirikisho lililoundwa mwaka 1973, na ndilo linalosimamia Sheria ya Dawa Zinazodhibitiwa ya mwaka 1970. Asiyesajiliwa nalo anaweza kuandika dawa za shinikizo la damu na antibayotiki kadiri mgonjwa anavyohitaji, lakini hawezi kuandika mofini, oksikodoni, diazepamu, testosteroni, wala methilifenideti ya mtoto mwenye matatizo ya umakini. Ninachotetea hapa ni hiki: acha kuiona namba hiyo kuwa mali yako wewe daktari, ione kuwa mali ya jimbo na ya anwani fulani ndani ya jimbo hilo. Ukishakubali hivyo, maswali mengine yote, yaani uanze na ofisi ipi, ulipe mara ngapi, na wapi huhitaji kulipa kabisa, yanakuwa rahisi kuliko yanavyoonekana kwenye fomu.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe. DEA ni chombo cha taifa zima, sheria yake ni moja kutoka Maine hadi Hawaii, kwa nini basi namba moja isitoshe? Kwa msomaji wa Kenya swali hili lina mantiki zaidi, maana kaunti ziko 47 na baraza linalosajili madaktari ni moja. Mtanzania anaweza kuelewa haraka kidogo, kwa sababu anajua kwamba usajili wa Tanganyika na ule wa Zanzibar ni vitu viwili. Jibu liko kwenye sheria yenyewe, inayotaka usajili wa pekee kwa kila mahali pakuu pa kazi ambapo dawa hizi hutolewa, na kuandika cheti cha dawa kunahesabiwa ndani ya kutoa. Tarehe 1 Desemba 2006 DEA ilichapisha kanuni ya kuondoa utata: daktari anayeandika dawa hizi katika majimbo mawili anahitaji usajili katika kila jimbo, hata kama hahifadhi kidonge kimoja ofisini. Sababu iliyotolewa ni kwamba usajili wa DEA umejengwa juu ya ruhusa ya jimbo. Jimbo ndilo linaloamua nani ni daktari na anaruhusiwa kuandika nini, na shirika la taifa linaongeza ruhusa yake juu ya hiyo. Mwaka huohuo wa 2006, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Gonzales na jimbo la Oregon, ikasema Mwanasheria Mkuu wa Marekani hana mamlaka ya kuwazuia madaktari wa Oregon kuandika dawa ambazo sheria ya jimbo lao iliziruhusu kwa wagonjwa mahututi waliochagua kufa. Udaktari, kwa lugha ya hukumu ile, kimsingi unasimamiwa na majimbo. Ndiyo maana pia daktari akinyang'anywa leseni na jimbo, DEA ina sababu ya kisheria ya kumfutia usajili uliosimama juu ya leseni hiyo.

Kutokana na hayo, utaratibu una ngazi zake, na asiyeziheshimu hurudishwa chini. Kwanza leseni ya udaktari ya jimbo. Pili, na hapa ndipo wengi hukwama, kibali cha dawa zinazodhibitiwa cha jimbo lenyewe, pale kinapotakiwa. Baadhi ya majimbo hayana ngazi hii. Texas iliifuta mwaka 2016. Mengine yanayo, na kila moja lina ofisi yake na jina lake: Missouri, Oklahoma, Illinois, Indiana, New Jersey, Maryland, Connecticut, Michigan na kadhalika. Massachusetts imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa kibali chake cha jimbo kinahusu hata dawa za kawaida zinazohitaji cheti, zisizo ndani ya Sheria ya Dawa Zinazodhibitiwa. Tatu ndiyo DEA, kwa Fomu 224 inayojazwa mtandaoni. Fomu hiyo inauliza namba ya leseni na namba ya kibali cha jimbo, na ukiijaza huku kibali bado kinasubiriwa, utakuwa umeomba ghorofa ya pili ya nyumba isiyo na ya kwanza. Andika anwani halisi ya mahali pa kazi, maana sanduku la posta peke yake halikubaliwi. Weka alama kwenye makundi ya dawa unayohitaji na ambayo jimbo limekuruhusu, kisha jibu kwa ukweli maswali kuhusu adhabu na kesi za nyuma. Tangu tarehe 27 Juni 2023 kuna pia tamko la saa 8 za mafunzo ya kutibu uraibu, sharti lililotokana na sheria iliyosainiwa Desemba 2022. Hilo unalitimiza mara moja tu maishani, wala halirudiwi kwa kila jimbo.

Kuna mkanganyiko unaotokana na Mkataba wa Leseni za Udaktari baina ya Majimbo, ulioanza kutoa leseni mwaka 2017 na sasa una majimbo zaidi ya 40. Mkataba huu unaharakisha ngazi ya kwanza tu. Daktari anaweza kupata leseni tano ndani ya muda mfupi kisha akaamini kwamba milango yote mitano imefunguka, kumbe DEA na vile vibali vya majimbo havimo kabisa ndani ya mkataba. Namba yenyewe nayo haimwonyi mtu. Ina herufi mbili, ya pili kwa kawaida ikiwa ya kwanza ya jina la ukoo, na tarakimu saba ambazo ya mwisho ni ya kuhakikisha hesabu ya zile sita. Hakuna tarakimu inayotaja jimbo. Mfamasia akiitazama kwenye cheti anaona namba iliyo sahihi kihesabu, na kosa la jimbo linaweza kupita kimya hadi siku ya ukaguzi. Kwa hiyo anayesema "nimeandika miezi yote hii na hakuna aliyeuliza" hajathibitisha kwamba yuko salama.

Upande wa pili wako wanaoogopa kupita kiasi, wakasajili kila jimbo lenye leseni yao. Hao wameruka majivu wakakanyaga moto, kwa sababu ada ya daktari tangu Oktoba 2020 ni dola 888 kwa miaka mitatu, kwa kila usajili. Majimbo matano ni dola 4,440, kabla ya kuhesabu ada za vibali vya majimbo. Afadhali uipitie kwanza orodha yako ya majimbo kwa makini. Ndani ya jimbo moja, ukiwa na usajili katika anwani moja, unaweza kuandika vyeti katika kliniki zako nyingine za jimbo hilohilo bila kusajili kila mlango, ilimradi huko huhifadhi dawa hizi wala hazitolewi au kudungwa kama sehemu ya kawaida ya kazi. Siku utakapoweka kabati la ketamini katika kliniki ya pili, kliniki hiyo inahitaji usajili wake. Katika jimbo ambalo kazi yako ni kusoma picha za eksirei, au kutoa ushauri usiogusa dawa hizi, huhitaji chochote.

Kisha kuna hospitali, na njia hii wengi huisahau. Kanuni zinamruhusu daktari ambaye ni mwajiriwa au wakala wa hospitali kutumia usajili wa hospitali badala ya wake, kwa kuongezewa msimbo wa ndani mwishoni mwa namba ya hospitali. Masharti ni kwamba jimbo lenyewe limruhusu, hospitali iwe imelithibitisha hilo, na afanye hivyo ndani ya mipaka ya kazi aliyopewa pale tu. Hospitali lazima iwe na orodha ya misimbo hiyo, tayari kumwonyesha mfamasia au mkaguzi anayetaka kuhakikisha. Kwa daktari wa muda anayeshika zamu za wiki chache katika jimbo asilokusudia kurudi, hili linaweza kumwokolea dola 888 na kungoja kusiko na sababu. Uliza kabla ya kusaini mkataba, tena kwa maandishi: je, mnanipa msimbo chini ya namba yenu, au mnanilipia usajili wangu? Hospitali nyingine hukataa kutoa misimbo kwa sababu zake, na ni bora ujue mapema. Anayeajiriwa na serikali naye anaweza kusamehewa ada ya usajili kwa kazi ya serikali, ila usajili huo usio na ada hauvuki kwenda kliniki binafsi ya jioni.

Tiba kwa njia ya mtandao ndiyo inayoleta ubishi mkubwa. Hoja ya daktari ni kwamba mwili wake uko Ohio, kompyuta iko Ohio, kwa hiyo anafanya kazi Ohio. Majimbo hayaoni hivyo. Kwao matibabu hufanyika alipo mgonjwa. Sheria ya mwaka 2008 iliyopewa jina la Ryan Haight, kijana wa California aliyefariki mwaka 2001 baada ya kutumia dawa ya maumivu aliyonunua mtandaoni, ilitaka mgonjwa aonwe ana kwa ana angalau mara moja kabla ya dawa hizi kuandikwa kwa mtandao, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Wakati wa Korona masharti yalilegezwa. Machi 2020 DEA ilikwenda hadi kusema kwamba aliyesajiliwa katika jimbo moja asilazimike kujisajili katika lingine, ikiwa majimbo yote mawili yanamruhusu. Nafuu za tiba mtandao zimeongezwa muda mara kadhaa tangu dharura ikome Mei 2023. Ushauri wangu ni kusoma tarehe ya mwisho ya nafuu unayoitegemea, kuisoma tena kila mwishoni mwa mwaka, na kutojenga juu yake kazi ya wagonjwa wa kudumu. Nafuu ya taifa haimlazimishi mfamasia wa jimbo jingine kuikubali karatasi yako, wala haifuti kibali cha jimbo.

Hapa mkosoaji ana haki ya kuuliza: ikiwa mwaka 2020 sharti liliweza kusimamishwa kwa barua moja, lina faida gani? Nakubali kwamba ni swali zito. Hoja ya kwamba jimbo lazima limtambue mwandishi wa dawa naikubali, kwa sababu ndilo lenye uwezo wa kumchunguza na kumwondoa. Nisichokikubali ni kwamba utambuzi huo unahitaji ada kamili kila mara. Ufuatiliaji wa kila siku wa nani ameandikiwa nini hufanywa na madaftari ya kielektroniki ya majimbo, na Missouri, iliyochelewa kuliko majimbo yote, ilianzisha daftari la jimbo zima Desemba 2023. DEA yenyewe inaelekea kuiona hoja hii. Katika pendekezo lake la Januari 2025 kuhusu usajili maalumu wa tiba mtandao, daktari angelipa ada moja kuu, kisha dola 50 kwa kila jimbo la ziada. Tazama kilichobaki na kilichopungua: jimbo bado linahesabiwa, bei ndiyo iliyoshuka. Pendekezo si kanuni, na asiye na subira akilichukulia kama kanuni atajiponza. Lakini linaonyesha kwamba hata mageuzi yakija, anayepanga kazi yake kwa kufuata majimbo hatalazimika kuanza upya. Hayo yote yanawahusu pia wauguzi wenye mamlaka ya kuandika dawa, kundi lenye Waafrika Mashariki wengi: ada ni ileile, isipokuwa namba yao huanza na herufi M na makundi ya dawa hutegemea zaidi kile jimbo linachowaruhusu.

Suala la kuhuisha ni la kalenda tu, ila lina makali yake. Kila usajili una tarehe yake ya kuisha, hivyo wenye majimbo manne wana tarehe nne, mbali na zile za leseni na vibali. Ukipitwa na tarehe, DEA inakupa mwezi mmoja wa kalenda kuhuisha namba hiyohiyo. Baada ya hapo unaomba upya. Mwezi huo si ruhusa ya kuendelea kuandika, kwa sababu sheria inakataza kushughulika na dawa hizi kwa usajili uliokwisha muda hata kwa siku moja. Barua pepe iliyoandikwa kwenye usajili iwe yako binafsi, si ya mwajiri utakayemwacha, maana taarifa za kuhuisha hutumwa huko.

Na anayehama jimbo kabisa, bila kubaki na wagonjwa alikotoka, asinunue usajili mpya. Aombe kubadilisha anwani ya ule alio nao, jambo lisilo na ada, akiwa ameshapata leseni na kibali cha jimbo jipya. Mabadiliko yakikubaliwa, jimbo la zamani limetoka kwenye namba hiyo, kwa hiyo vyeti vya wagonjwa wa huko vikamilishwe au wagonjwa wenyewe wakabidhiwe kwa mwenzake kabla hajabonyeza kitufe.