SOMO: TUKATE VITENZI KWA SILABI

Wengi wetu hapa Kilosa na Mikumi tukikuta kitenzi kirefu tunasoma mwanzo, halafu tunabahatisha mwisho. Hiyo ni hatari. Tazameni maneno haya ya dawa: "Anywe" na "Asinywe". La kwanza lina silabi mbili: a-nywe. La pili lina tatu: a-si-nywe. Hiyo -si- ndiyo inayokataza. Ukiiruka, mtoto atanyweshwa dawa aliyokatazwa. Na hiyo "nywe" tusiikate. Ina herufi nne, lakini irabu moja tu, kwa hiyo ni silabi moja.

Mto Mkondoa ukijaa tutasoma: "Msivuke." Tunakata m-si-vu-ke. Hapa m inasimama peke yake, ingawa haina irabu.

Sasa mkazo. Sauti hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: PI-ga, a-na-PI-ga. Neno likiongezwa mwishoni, mkazo nao unahama: pi-GE-ni, wa-na-pi-GA-na.

Wenzetu Wafaransa, ambao baadhi yao huja kutazama wanyama Mikumi, wana kazi kubwa kuliko sisi. Wao huandika "je parle", ninasema. "Tu parles", unasema. "Ils parlent", wanasema. Lakini parle, parles na parlent zote hutamkwa "parl" tu! Herufi za mwisho zimeandikwa, hazisikiki. Kiswahili hakifichi irabu hata moja.

Hebu kateni haya, myasome kwa sauti: msiwapige, wamekunywa, hatukumwambia.