Osha Nje, Usioshe Ndani

Kijitabu cha nyumbani kwa akina mama na akina baba wa Meru na Embu

Kwa nini tumekiandika

Akina mama wanafika kliniki na shida ileile: ukeni panatoka majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo ya samaki, na shombo huzidi baada ya kulala na mume. Ukimuuliza mama anafanyaje nyumbani, anajibu, "Naosha sana, hadi ndani." Mama, huko kuosha ndani ndiko kunakozidisha shida. Ukisahau mengine yote ya kijitabu hiki, shika hili: osha nje, usioshe ndani.

Walinzi wako

Ukeni mna bakteria wazuri. Hao ni kama walinzi wa boma. Ukiingiza sabuni unawafukuza, na bakteria wabaya wanahamia. Hali hiyo kliniki huiita BV. BV haimaanishi kwamba wewe ni mchafu au mhuni, na wengi wanayo bila kunuka wala kuwashwa. Hatari yake ni kwamba boma likikosa walinzi, virusi vya Ukimwi hupata njia rahisi.

Yaliyoonekana hapa Kenya

Mombasa, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 10 wanawake zaidi ya 1,200 waliokuwa wakifanya biashara ya ngono, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliojiosha ndani kwa maji matupu waliambukizwa HIV zaidi ya wale wasiojiosha ndani. Waliotumia sabuni au vitu vingine, hatari yao ilikaribia mara 4. Usiseme, "Hao si mimi." Sabuni haiulizi kazi ya mtu.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2012, ulihusu jozi zaidi ya 2,000 za wenzi katika nchi 7 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mke aliyekuwa na HIV akiwa pia na BV, hatari ya mumewe kuambukizwa ilizidi mara 3.

Kwa hiyo BV ni jambo la mke na mume.

Usiingize haya ukeni

- Sabuni yoyote: ya kipande, ya unga, ya maji, hata ya mtoto mchanga.
- Jiki, au dawa ya kuua viini, hata ukiichanganya na maji mengi.
- Chumvi, magadi, limau, siki.
- Ugoro, majani, na dawa za "kukaza" zinazouzwa sokoni au kwa simu.
- Kitambaa, pamba au karatasi ya kukausha ndani.
- Marashi.
- Kidole chenye maji matupu. Ndiyo, hata maji matupu.

Usioshe ndani kabla ya kulala na mume. Usioshe ndani baada yake. Usioshe ndani hedhi ikiisha. Usioshe ndani kwa sababu shangazi au rafiki amekuambia. Osha nje, usioshe ndani.

Kuoga kunakotosha

Umeshinda shambani ukichuma majani chai, umerudi na jasho. Teka maji vuguvugu kwenye beseni. Kwa kiganja, osha mapaja na midomo ya nje ya uke, ukitoka mbele kwenda nyuma. Suuza, jipanguse, vaa chupi safi ya pamba. Umemaliza. Huko ndani uke hujisafisha wenyewe.

Shombo ikitokea

Usiifukuze kwa sabuni. Usinunue vidonge vya "rangi mbili" dukani kwa kubahatisha. Nenda zahanati upimwe, kwa maana magonjwa ya zinaa nayo huleta majimaji. Ukipewa dawa za siku 7, zimeze siku zote 7 hata kama shombo imeisha siku ya tatu. Usimgawie jirani. Ikirudi, rudi kliniki. BV ina tabia ya kurudi. Mama mjamzito asingoje, kwa sababu BV imehusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Dawa ya BV si kinga ya Ukimwi.

Kwa baba

Mara nyingi safari ya sabuni huanza na neno la mume: "Unanuka." Usimwambie hivyo. Mwambie, "Twende kliniki," kisha uende naye kweli. Usimwagize ajikaushe. Na usijidanganye kwa kuwa umetahiriwa: tohara hupunguza hatari yako kwa takriban asilimia 60, haiiondoi, na haimkingi mkeo asiambukizwe nawe.

Kinga yenyewe

Tumieni kondomu. Pimweni wote wawili. Asiye na virusi na aliye hatarini aulizie vidonge vya PrEP, vinavyotolewa nchini tangu 2017. Mwenye virusi ameze ARV kila siku; kipimo kikionyesha virusi havionekani tena, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kondomu ikipasuka, au ukibakwa, fika hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kwisha.

Ukiona haya kusema

Iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Meru, Embu Level 5 au zahanati ya kijijini kwako, maneno haya yanatosha: "Sista, natokwa na majimaji yenye shombo. Naomba nipimwe, na HIV pia." Akikuuliza kama unaosha ndani, mwambie ukweli. Atakupa dawa, naye atakuambia yaleyale: osha nje, usioshe ndani.